Unga na Gundi: Kwa Nini Vifaa Hugombana kwenye Picha ya Mnyama

Chora manyoya ya mbega kwa penseli ya rangi, ukikandamiza vizuri, kisha pitisha juu yake brashi yenye rangi ya maji. Maji yatakimbia. Yatajikusanya vitone vitone kando ya kila mstari na kuacha mabaka ambayo hukuyataka. Sasa geuza utaratibu: tandaza rangi ya maji kwanza, iache ikauke kabisa, halafu chora manyoya kwa penseli ileile. Kila kitu kinakaa mahali pake. Karatasi ni ileile, mkono ni uleule, vifaa ni vilevile. Kilichobadilika ni kipi kimetangulia.

Wanaojifunza kuchora wanyama kwa kuchanganya vifaa hukutana na makatazo mengi. Usiweke hiki juu ya kile. Wino kabla ya rangi. Mkaa usipite juu ya penseli. Nyeupe mwisho. Mara nyingi makatazo haya hutolewa bila sababu, kwa hiyo hukaririwa leo na kusahaulika kesho. Naamini hayahitaji kukaririwa. Karibu yote yanatokana na jambo moja, nalo ni gundi. Mtu akishaielewa gundi, anabaki na swali zuri zaidi, la mnyama mwenyewe: mwili wake umepangwa kwa tabaka zipi, na tabaka ipi ianze kwenye karatasi.

Karibu kila kifaa cha kuchorea ni unga wa rangi pamoja na kitu cha kuunatisha. Unga wenyewe hautofautiani sana. Masizi yanayotengeneza wino mweusi yanaweza kuwamo pia kwenye kidonge cha rangi ya maji na ndani ya penseli ya rangi nyeusi. Udongo mwekundu wenye oksidi ya chuma, wa jamii ileile iliyochora twiga na pofu kwenye miamba ya Kondoa, eneo ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, bado unauzwa leo madukani ndani ya vichupa vya rangi. Tofauti iko kwenye gundi. Ndiyo inayoamua kama rangi itang'aa au itafifia, kama itakubali maji au itayafukuza, kama itabaki ilipowekwa au itaamka tena ukiigusa.

Tuanze na rangi ya maji, kwa sababu ndiyo inayoleta machozi mengi. Gundi yake ni utomvu wa mgunga. Sudan ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza utomvu huo, lakini migunga ya aina hiyo imeota pia kaskazini mwa Kenya na katika nyanda kavu za Tanzania. Sifa yake kubwa ni kwamba haukauki moja kwa moja. Ni kama sukari iliyoganda chini ya kikombe: ukimimina maji mengine inayeyuka upya. Ndiyo maana unaweza kuipunguza rangi ya maji siku ya pili kwa brashi yenye unyevu, na ndiyo maana pia, ukipitisha rangi ya tatu na ya nne ukisugua, zote zinaamka pamoja na kuwa tope.

Guashi ni ndugu wa damu wa rangi ya maji. Utomvu ni uleule, ila unga umejazwa zaidi, wakati mwingine na chokaa ndani yake, hivyo inafunika kilicho chini badala ya kupitisha mwanga. Rangi za vichupa ambazo watoto hupakia mabango shuleni ziko karibu sana na familia hii. Kwa sababu utomvu ni uleule, guashi nayo huamka ikiguswa na maji, na huamsha kilicho chini yake. Hapa ndipo inapozaliwa ile nyeupe inayogeuka kijivu. Mchoraji anapaka mwili mweusi wa mbega kwa rangi ya maji, anaacha ikauke, kisha anashusha manyoya meupe ya mabegani kwa guashi. Brashi ina maji, maji yanaiamsha nyeusi, nyeusi inapanda na kuchanganyika na nyeupe. Analaumu nyeupe kuwa hafifu, ananunua nyingine ya bei ghali, na inageuka kijivu vilevile.

Dawa yake ni wino mweusi usiofutika. Huo nao ni masizi, lakini mara nyingi gundi yake ni shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand ambao mafundi seremala wameutumia miaka mingi kung'arishia samani. Shelaki ikishakauka hairudi tena kwenye maji. Pakia mwili wa mbega kwa wino huo, ngoja ukauke, kisha shusha manyoya meupe juu yake: yatabaki meupe kabisa. Angalia lakini kichupa unachonunua, kwa sababu wino mwingi wa kalamu za kuandikia huyeyuka kwenye maji hata baada ya wiki.

Peni ya kawaida ni jambo jingine. Wino wake ni mzito, wa mafuta, na hata ukipitisha maji juu yake mistari mara nyingi inabaki. Mwaka 1972 Henry Moore, mchongaji wa Uingereza, alijaza daftari zima kwa michoro ya kondoo waliokuwa wakilisha nje ya dirisha la karakana yake, na aliichora kwa peni. Sufu yao aliijenga kwa mistari iliyojizungushazungusha mpaka ikawa nzito. Nalitaja hili kwa makusudi, maana wapo wanaodhani hawawezi kuanza mpaka wapate vifaa vya gharama.

Penseli za rangi na krayoni hushikwa na nta, na baadhi ya penseli na mafuta. Nta haipatani na maji, basi. Hilo ndilo jibu la mbega wa mwanzo. Lakini nta inakaa vizuri juu ya karibu kila kitu kilichokauka, ilimradi uso una kwaruzo kidogo, na kwa hiyo penseli ya rangi ni kifaa kizuri sana cha kumalizia. Penseli nyeusi ya kawaida ni grafaiti na udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa pamoja, njia aliyoivumbua Nicolas-Jacques Conté huko Ufaransa mwaka 1795. Grafaiti imejengwa kwa vijisahani vinavyoteleza juu ya vingine, ndiyo maana inaandika kwa ulaini na ndiyo maana inang'aa. Mng'ao huo unaifanya isifikie weusi wa kweli, na utelezi wake unaufanya mkaa uliopitishwa juu yake ukose pa kushika. Mkaa wa kijiti wenyewe hauna gundi hata kidogo. Ni vumbi linalotegemea meno ya karatasi tu, kwa hiyo unahitaji karatasi yenye mikwaruzo na iliyo wazi, kabla ya grafaiti na nta kuziba mashimo yake.

Rangi za mafuta nitazipita haraka, kwa sababu kwenye karatasi ya kawaida hazina kazi kubwa: mafuta huingia na kuidhoofisha. Kwenye ubao ni habari nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichorea Dar es Salaam kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi hiyo haifyonzwi na haichanganyiki kwa upole ukingoni. Inapendelea bapa lenye mpaka mkali na nukta iliyokaa peke yake. Kwa maoni yangu chui na ndege wa Tingatinga walipata sura yao kutokana na hilo kuliko tunavyokubali. Aliisikiliza rangi, wala hakuilazimisha ijifanye rangi ya maji. Na kwa kuwa tunazungumzia gundi, inafaa kukumbuka kwamba sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, iliyochimbwa ardhini pwani ya Tanganyika, ikapitia Unguja na kufika hadi Salem huko Massachusetts katika karne ya 19, ilikwenda kutengenezwa vanishi.

Basi, kwenye karatasi, mpangilio unaotokana na gundi ni huu: wino usioamka unaweza kukaa popote, kinachoyeyuka kwa maji kikae chini, vumbi lisubiri uso mkavu wenye meno, na nta ije juu. Ukiishia hapo utakuwa na picha isiyoharibika. Haitakuwa na uhai bado.

Kwa sababu mnyama naye ana mpangilio wake. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, alipowachora wanyamapori wa Afrika Mashariki hakuishia kwenye ngozi. Alichora pia mafuvu na misuli, ili aelewe kinachoisukuma ngozi kutoka ndani. Hata ukibaki kwenye ngozi yenyewe, rangi ya mnyama haikupakwa kwa safari moja. Kuna tabaka linalopitisha mwanga, kuna linalozuia, kuna linalorudisha. Kuchanganya vifaa kunamfaa mnyama kwa sababu hiyo hasa: hakuna kifaa kimoja chenye tabia zote za mwili wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni sungura wa Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, wa mwaka 1502, anayehifadhiwa kwenye jumba la Albertina mjini Vienna. Karatasi ni ndogo, upana wake sentimita 22 na ushei na urefu wake kama 25. Dürer alitandaza kwanza rangi ya maji ya kahawia nyepesi kwenye mwili wote. Juu yake akajenga manyoya kwa mistari ya brashi, mingine ya giza na mingine ya mwanga, kwa rangi ya maji na guashi, na mwishoni akatia nyeupe inayofunika. Ndani ya jicho kuna mwakisiko wa dirisha.

Mbinu ile ni sahihi kwa namna ambayo sayansi ya manyoya ilikuja kuieleza baadaye. Ukichomoa unywele mmoja wa sungura, au wa nguchiro, au wa digidigi, utakuta una pingili za rangi: giza, kisha manjano hafifu, kisha giza tena nchani. Ile kahawia ya kijivu unayoiona kwa mbali haipo kwenye unywele wowote. Inatengenezwa na jicho lako kutokana na maelfu ya pingili zilizolala pamoja. Mtu anayekoroga kahawia ya kijivu kwenye sahani na kuipaka mwilini anapata digidigi aliyekufa. Anayetandaza manjano ya mchanga kwa rangi ya maji, akaja na mistari ya kahawia nyeusi ya penseli, kisha mistari michache ya guashi ya rangi ya maziwa, anamwacha mtazamaji aichanganye mwenyewe, na manyoya yanapumua. Mistari ifuate uelekeo wa manyoya kwenye mwili: mifupi usoni, mirefu shingoni, ikigeuka begani.

Kinyonga anakupa somo jingine. Ukijani wake hautokani na unga wa kijani. Chini ya ngozi yake kuna seli zenye fuwele ndogo mno zinazorudisha mwanga wa buluu, na juu yake kuna seli zenye rangi ya manjano. Vikikutana unaona kijani. Jaribu kumchora hivyohivyo alivyoumbwa. Tandaza buluu nyepesi ya maji, iache ikauke, kisha pitisha manjano inayopitisha mwanga kwa brashi laini, mara moja tu, bila kusugua. Ukisugua utomvu wa chini utaamka. Kijani kinachopatikana kina kina ambacho kijani cha kwenye kidonge hakikifikii, na pale unapotaka buluu ichungulie unaipunguza manjano tu.

Ndege kwezi yeye anageuza mambo. Ule mng'ao wa buluu na kijani mgongoni unatoka kwenye chembe nyeusi za melanini, rangi ya asili ya mwili, zilizopangwa kwa tabaka ndani ya unyoya. Weusi uko chini na mng'ao unazaliwa juu yake. Rangi ya maji haiwezi kazi hii, kwa sababu ikipakwa juu ya nyeusi haionekani. Lakini wino usioamka ukipakwa kwanza, penseli za rangi za buluu, kijani na zambarau zikapita juu yake kwa wepesi, nta inakaa juu ya weusi na kuurudisha mwanga kidogo. Acha weusi mwingi bila kuguswa. Mng'ao ukiwa kila mahali, ndege anakuwa toi.

Kanga anadai kuvunja utaratibu. Manyoya yake ya giza yamejaa vitone vyeupe, vingi mno kuviruka kimoja kimoja kwa brashi. Hapa nta inatangulia, na kosa la mbega linageuzwa kuwa kazi: weka vitone kwa krayoni nyeupe au ncha ya mshumaa kwenye karatasi tupu, kisha pitisha rangi ya maji ya kijivu cheusi. Maji yanakimbia nta na vitone vinajitokeza vyenyewe. Moore alitumia njia hii ya nta na rangi ya maji alipochora watu waliojificha mabomu ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi London mwaka 1940 na 1941. Ila fahamu kwamba mahali palipopitiwa na nta maji hayapiti tena, kwa hiyo ukingo wa mwili na kivuli cha chini ya bawa vipangwe kabla ya mshumaa kugusa karatasi.

Kuna jambo moja dogo ambalo sioni likielezwa vya kutosha, nalo ni mfereji. Chukua peni iliyokwisha wino, kandamiza mstari kwenye karatasi tupu. Umetengeneza mfereji usioonekana. Ukipitisha penseli kwa ubavu juu yake, ncha inaruka mfereji na mstari unabaki mweupe: hizo ni sharubu za chui, nyembamba kuliko brashi yoyote. Lakini ukipitisha rangi ya maji, mambo yanageuka kinyume. Umekwaruza ule ulaini unaozuia karatasi kufyonza, rangi inazama pale na mstari unakuwa mweusi zaidi ya jirani zake. Huo ni ufa wa ngozi ya tembo. Ngozi ya tembo wa Afrika ina mtandao wa nyufa ndogo zinazohifadhi maji na matope ili mwili upoe, na unapozichora kwa mifereji na rangi ya maji, karatasi inafanya kile ngozi inachofanya. Mtu asiyejua sababu huona mbinu hii imempa sharubu nyeupe jana na nyeusi leo, akadhani ni bahati.

Jicho la wanyama wa jamii ya paka linastahili maneno yake. Nyuma ya mboni lina utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana linawaka usiku taa ikimulika. Rangi ya maji nayo hufanya hivyo: mwanga hupita kwenye rangi, hugonga weupe wa karatasi, hurudi. Kwa hiyo jicho linalowaka lisichorwe kwa kuongeza nyeupe. Acha karatasi, pitisha manjano ya kijani nyembamba mara moja, kisha zungusha wino mweusi wa kope. Guashi nyeupe itumike kwa nukta moja tu ya unyevu, mwisho kabisa.

Na viumbe ambavyo havipo? Hapa historia inafundisha. Mwaka 1414 twiga alifika kwenye jumba la mfalme wa China akiwa zawadi kutoka Bengali, na mwaka uliofuata Malindi nayo ikapeleka wake. Wachina walimtambua kama qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, na picha iliyochorwa kwa wino na rangi juu ya hariri ikamweka hivyo. Dürer kwa upande wake alitoa picha ya kifaru iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa mwaka 1515 bila kumwona, kwa maelezo na mchoro alivyoletewa kutoka Lisbon, akamvika mabamba ya deraya na kumwongezea pembe ndogo mgongoni. Wazungu walimwamini kifaru yule kwa vizazi kadhaa. Mmoja ni mnyama wa kweli aliyegeuzwa kiumbe, mwingine ni kiumbe aliyeaminiwa kuwa mnyama, na wote wawili wanasadikika kwa sababu kila sehemu ya mwili imekopwa kwenye kitu kinachojulikana.

Chukua nunda mla watu wa hadithi za Unguja, paka aliyekua mpaka akawa anakula watu. Kijana anayemsaka anarudi kila mara na mnyama mwingine, na mama anamwambia siye huyu, kisha anamtajia dalili: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene. Hadithi imekupa sehemu, wewe uchague kifaa cha kila sehemu. Sikio dogo lina ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, basi ni nyekundu ya maji na hakuna kingine. Mwili ni wa paka, basi ni pingili: manjano ya maji chini, penseli ya rangi juu. Mkia mnene unataka weusi usiong'aa, basi ni mkaa, na karatasi ya sehemu hiyo iachwe bila nta tangu mwanzo. Macho umeshayajua. Anayemchora nunda mzima kwa kifaa kimoja anapata paka mkubwa.

Karatasi ya manila itastahimili penseli, peni na wino, lakini ikilowa sana itajikunja. Kwa kazi yenye maji tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, au bandika kingo zake kwenye ubao kwa utepe kabla ya kuanza. Kata ukanda wa karatasi ileile, pitisha juu yake kila kifaa utakachotumia, kwa mpangilio uleule, na andika pembeni kilichotangulia. Nusu ya ukanda huo ifunike kwa karatasi nyeusi na uuache dirishani kwa miezi michache. Wino wa peni na kalamu nyingi za rangi zenye ncha ya kitambaa utapauka upande uliopigwa na jua, na utajua mapema ni ipi isitumike kwenye picha ya kutundika ukutani.